Maji Yaliyozidi Usafi

Siku ya kuzindua bomba la maji la kijiji chetu, Mpima Maji alifunga koki kuu mbele ya mgeni rasmi, akachomoa mkono wa chuma wa kuizungushia koki hiyo, akautia mfukoni mwa koti, na alipoulizwa sababu akasema maji yale ni safi mno.

Nilikuwapo, hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa nimeshika sahani yenye mkasi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa Bibi Maendeleo wa eneo lile na utepe ulikuwa kazi yangu. Kwaya ilikuwa kwenye ubeti wa pili. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa kwa urefu, kila mmoja na kikombe chake. Bomba lilikuwa limeshaanza kutema hewa na maji kidogo, na mtoto wa kwanza alikuwa ameshakinga. Yakakatika.

"Yakiwa machafu unayakataa," Mwenyekiti wa kijiji alimwambia, "yakiwa safi unayakataa. Sasa, Mzee, unataka ya rangi gani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliangalia saa yake, kama kawaida yake aliposemeshwa na mtu ambaye yeye alimwona mjinga, kisha akanigeukia mimi.

"Bibi Maendeleo. Ile chupa, nani aliyechota?"

"Mimi," nikasema.

Jibu hilo nitalirudia baadaye. Kwanza nimweleze mtu mwenyewe, maana asiyemjua atadhani siku hiyo alikuwa amelewa. Hakuwahi kulewa. Ingekuwa nafuu.

Alizaliwa wapi na nani, sijui, hakutuambia. Tulimkuta pale. Chumba chake kilikuwa Makandana, nyuma ya ofisi zetu, chenye dirisha moja lililotazama migomba na mlango ulioandikwa MAABARA YA MAJI kwa rangi ambayo mvua za Tukuyu zilikuwa zimeshailamba nusu. Zamani walikuwa watatu mle ndani. Ule wakati serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi na kila kitu kuambiwa kijitegemee, wawili walipewa barua zao. Akabaki peke yake na kabati la joto, jiko la mkaa, sufuria kubwa ya mvuke na rafu ya mirija ya kioo aliyoijua mmoja mmoja kwa mikwaruzo yake.

Kazi yake aliwaeleza watu wote, hata wasiouliza. Alichukua maji yaliyoletwa, akapima mililita moja, akaitia kwenye mrija wenye mililita tisa za maji yaliyopikwa kwa mvuke mpaka hayana uhai. Akautikisa mara ishirini na tano. Kutoka mrija huo akachukua mililita moja, akaitia kwenye mrija wa pili wenye tisa nyingine. Akatikisa. Wa tatu, wa nne. Kila hatua, yaliyomo yalibaki sehemu ya kumi ya yale ya nyuma. Kisha kutoka kila mrija alimwaga kidogo kwenye sahani ya kioo yenye utelezi ulioganda, akaiweka kwenye kabati la joto siku mbili, na kila kijidudu kilichokuwa hai kikajijengea kijinukta chake. Alihesabu vinukta, akazidisha.

"Siku ya gulio," alikuwa akisema, "unaweza kuhesabu watu sokoni? Huwezi. Wamebanana. Ngoja watawanyike. Simama kwenye kichochoro kimoja, hesabu wanaopita, uzidishe kwa vichochoro. Mimi nawatawanya tu."

Hizo sahani zilihesabu vijidudu vya kila aina, vibaya na visivyo na neno. Kwa wadudu wa chooni alikuwa na mirija mingine, yenye supu ya rangi ya zambarau. Supu ikigeuka njano, maji yale yamekutana na kinyesi. Na katika kila kundi la mirija ya supu aliweka mmoja asioutia maji ya mtu yeyote, ila yale yake ya mvuke peke yake. Aliuita Hakimu. Hakimu akibaki zambarau, wengine wanaaminika. Hakimu akigeuka njano, uchafu umetoka kwa mpimaji mwenyewe, na kundi zima linamwagwa hata kama waziri anasubiri mlangoni.

Niliyasikia maelezo haya, kwa hesabu yangu, zaidi ya mara thelathini. Niliyasikia kwenye semina ya wakunga. Niliyasikia msibani.

Kwenye semina alipenda kutumia maziwa. Rungwe maziwa hayakosekani. Alimimina kikombe kimoja cha maziwa kwenye vikombe tisa vya maji, akakoroga, akachota kikombe kimoja cha mchanganyiko huo, akakitia kwenye tisa vingine, akaendelea hivyo mpaka glasi ya mwisho ikang'aa kama ya mvua. Akainyanyua. "Maziwa yamo au hayamo?"

"Hayamo!" akina mama wakaitikia.

"Yamo. Mmeacha kuyaona tu."

Bibi mmoja wa nyuma akasema maziwa yote yale yangetosha wajukuu wake wawili. Mpima Maji akamwambia hilo ni swali la ofisi nyingine.

Tabia hiyo ya kugawa kwa kumi aliitumia na kwa maneno. Ukimletea habari, alikuuliza umeisikia kwa nani. Ukisema kwa fulani, aliuliza yeye aliisikia kwa nani. Alihesabu kwa vidole. "Basi hiyo ni ya mrija wa tatu," alisema. "Ukweli umebaki mmoja kwa elfu. Sinywi." Ofisi nzima ilikuwa ikiishi kwa uvumi wakati huo, nani anapunguzwa, nani anabaki, na mtu mmoja mlangoni alikuwa akitukatia raha hiyo kila asubuhi.

Kulikuwa na mgahawa kule Bagamoyo, ile kata ya mjini, wa mzee mmoja ambaye babu yake alikuja kutoka pwani. Sote tulimwita Ami. Mpima Maji alikunywa chai pale kila siku saa nne, na kila siku wakabishana.

"Ami, birika limechemka?"

"Limechemka."

"Umeliona?"

"Nimelisikia, Mzee wangu. Linaimba hilo."

"Birika linaimba kabla halijachemka. Kama watu."

"Wallahi iko siku nitakupa mkaa na birika ujipikie mwenyewe!"

Mpima Maji akainuka, akafunua kifuniko, akatazama povu, akarudi kukaa. Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakapiga miluzi. Ndiye huyo huyo aliyepima kisima cha uani kwa Ami, akakikuta kibaya, akakifunga. Wateja walipokimbia kwa kusikia habari hiyo (ya mrija wa tano, angesema), aliendelea kukaa pale karibu na mlango, mahali pa kuonekana, akinywa vikombe viwili badala ya kimoja, mpaka watu wakarudi. Hakumwambia mtu kwa nini. Ami ndiye aliyeniambia, naye alikuwa amekasirika bado kwa ajili ya kisima.

Namna hiyo, usingeweza kumchukia ukatulia. Aliwafukuza watu maabara kwa kukohoa, na yeye mwenyewe alikula mahindi ya kuchoma ya barabarani kwa mkono uliotoka kushika mpini wa baiskeli. Nilipomuuliza alisema moto umeshapima. Alidai maji ya kupimwa yamfikie ndani ya saa sita, yamefungwa kwenye majani mabichi ya mgomba yasipate joto, na dakika kumi zikizidi aliyamwaga mbele ya macho yako. Lakini kikao hakuwahi kukifikia kwa wakati hata kimoja.

Kikao kimoja alifika akitembea kama mjamzito. Ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, kabati la joto lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na yeye alikuwa ameifunga mirija kumi na miwili tumboni kwa taulo na kitenge cha mke wake, ndani ya koti. Joto la mwili, alisema, ndilo joto lile lile la kabati, na halikatiki mpaka ufe. Alikaa wima saa tatu nzima. Afisa mmoja alipomwomba asogee kidogo, alisema, "Taratibu. Nina mimba ya siku mbili."

Sasa niirudie ile chupa.

Kijiji chetu kiko upande wa Matwebe, na chemchemi yetu inatoka chini ya kilima chenye migomba, inaingia kwenye kijito. Mama yangu ameteka maji pale tangu alipoolewa. Kushuka ni rahisi. Kupanda na ndoo mvua ikinyesha, udongo ule unakuwa sabuni. Aliposhindwa kupanda mwaka ule alioanguka na kuumia nyonga, niliapa nitamletea maji mlangoni. Wafadhili wakapatikana, mabomba yakachimbiwa, wanakijiji wakajitolea nguvu zao. Wafadhili walitaka kitu kimoja tu kabla ya koki kufunguliwa: karatasi ya Mpima Maji.

Gari la ofisi halikuwa na mafuta, na baiskeli yake ilikuwa imevunjika uma. Akanipa chupa, imefungwa karatasi ya kaki na kamba, kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto.

"Uchote mwenyewe. Usisuuze. Usiguse mdomo wa chupa. Usiweke kitu."

"Nimesikia, Mzee."

"Nani atachota?"

"Mimi, Mzee."

Nilifika jioni, nimelowa, nimechoka. Nilimpa mama chupa aiweke mahali salama, nikamweleza kwamba asubuhi nataka kumpelekea bwana wa serikali maji ya chemchemi yetu ndani yake, nikalala. Nilipoamka chupa ilikuwa mezani, imejaa, imefungwa vizuri, imezungushiwa jani la mgomba. Mama alikuwa ameshaamka na kuniondolea shida. Lori la majani ya chai lilikuwa likipiga honi barabarani. Nilichukua chupa nikakimbia. Sikuona kosa. Maji ni maji, na aliyeyachota anaijua chemchemi kuliko mimi.

Maji ya chupa hiyo yaliiacha mirija yote ya supu zambarau. Hilo lilikuwa jema. Ila sahani zake zilikuwa tupu. Hakukuwa na kinukta hata kimoja, hata kwenye sahani ya maji yasiyopunguzwa. Naye Mpima Maji alijua kwamba maji yanayotoka ardhini hayawezi kuwa hivyo, kama shamba lisivyoweza kukosa sisimizi. Mgeni rasmi alikuwa ameisogeza mbele tarehe ya uzinduzi, kwa hiyo alizisoma sahani asubuhi ya sherehe yenyewe, akapanda lori la chai, akafika kwaya ikiwa kwenye ubeti wa pili.

"Ya chemchemini hayafanani na ya chupa hii," alimwambia mgeni rasmi. "Sijui hii chupa ina maji ya wapi. Nikipata ya hapa nitasema ya hapa."

"Lakini majibu ni mazuri," mgeni rasmi alisema.

"Ni mazuri. Si ya maji haya."

Akaondoka na mkono wa koki mfukoni. Mgeni rasmi alikata utepe hata hivyo, mbele ya bomba kavu, na watoto wakarudi darasani na vikombe vyao. Mwenyekiti alitangaza kwamba Daktari wa Maji ametuibia usukani.

Jioni hiyo nilikuwa jikoni kwa mama, nabamiza vyombo. Nilisema maneno mengi juu ya yule mzee. Mama alikuwa akimenya ndizi za mbalaga, ananisikiliza.

"Amekosa nini kwenye maji yangu?" akauliza.

"Anasema yamezidi usafi! Umewahi kusikia?"

"Lazima yawe safi," mama akasema, na uso wake ukafunguka kwa fahari. "Niliyachemsha. Nikayachuja kwa kile kitambaa cheupe cha kanisani, nikaacha yapoe. Ulitaka nimpelekee mtu wa serikali maji mabichi, kama ng'ombe? Si ninyi mliotufundisha? Mgeni hapewi maji mabichi."

Ni kweli. Mimi ndiye niliyewafundisha. Semina ile ya maziwa niliiandaa mimi.

Mtu mwenye akili angepanda lori kesho yake akaenda kumwambia. Mimi sikwenda. Nilikuwa nimeshasema "mimi" mbele ya mgeni rasmi, kwaya na shule nzima, na yule mzee angeandika. Aliandika kila kitu. Nikajiambia kwamba atachota mengine, atapata majibu yake, na ile chupa itasahaulika.

Alikuja wiki iliyofuata kwa miguu. Alishuka chemchemini peke yake, akachota mwenyewe, akapanda akiteleza, magoti yamejaa udongo. Mama alimsalimu kwa Kinyakyusa, akamwita apumzike.

"Ugonile, tata. Karibu, ukae."

"Ndaga, mama."

Akamletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati kilichofunikwa sahani. Mpima Maji alikiinua, akakinusa, akatazama ndani.

"Mama, haya umeyachemsha?"

"Wewe baba! Nikupe mgeni maji mabichi, mimi?"

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilisubiri anigeukie. Hakugeuka. Alikunywa yote, akasema ndaga fijo, asante sana, akaangalia saa yake na kusema zimebaki saa nne.

Majibu ya chupa ile yalikuwa mabaya. Supu iligeuka njano, na ikaendelea kugeuka hata katika maji aliyoyapunguza mara tatu. Sababu haikuwa ya kutafuta sana: juu ya chemchemi, hatua chache, lilikuwapo banda la ng'ombe wa maziwa la Mwenyekiti. Mwenyekiti alisema ng'ombe wake ni wa kisasa. Alisema wazee walikunywa hapo na ng'ombe wakiwapo. Alisema Daktari wa Maji kwanza arudishe usukani ndipo tuzungumze. Alisema hivyo mpaka mvua zote zikaisha. Mwishowe Jumamosi moja akina mama walikwenda wenyewe, wakawatoa ng'ombe, wakang'oa nguzo moja moja, wakalihamishia banda upande wa pili wa kilima, Mwenyekiti akiwa amesimama anapiga kelele. Baada ya saa mbili kelele zikageuka. "Hiyo ya kushoto imepinda," alisema. "Nyoosheni basi kama mmeamua."

Mpima Maji akaja kuchota mara ya tatu. Mgao wa umeme ulikuwa umerudi. Nilimwona akipanda lori na tumbo lake la taulo, ameshika chuma cha pembeni kwa mkono mmoja, kwa mwingine ameshika mimba. Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi barua yake ya kupunguzwa ilifika. Ijumaa asubuhi nilikuta kufuli jipya kwenye mlango wa maabara, na wiki iliyofuata chumba kilikuwa stoo ya viti.

Kijijini hawakusubiri. Fundi mmoja wa mjini alimchongea Mwenyekiti mkono mwingine wa koki, na Jumapili hiyo baada ya ibada maji yalifunguliwa bila kwaya. Mama alinitumia salamu kwamba amekinga ndoo mlangoni akiwa amekaa kwenye kigoda.

Wafadhili walitaka ripoti. Niliandika hivi: "Banda limehamishwa na maji yamepimwa." Kila neno lilikuwa kweli. Sikuandika yalisomekaje, kwa sababu sikujua, na sikwenda kuuliza, kwa sababu niliogopa atasema. Nilikuwa nimemwaga mililita yangu moja ya ukweli kwenye tisa za maji, nikatikisa.

Miaka ikapita. Nilihamishiwa wilaya nyingine, nikastaafu, nikarudi. Msimu huu wa mvua watoto wa shule ya kijiji chetu walianza kuharisha. Si wote, darasa hili wanne, lile wawili. Mwalimu mkuu alisema ni maparachichi mabichi. Mwenyekiti wa sasa, mtoto wa yule wa zamani, alisema ni pepo la mvua. Mjukuu wa dada yangu alilazwa siku tatu, akarudi shingo imekuwa nyembamba. Usiku wa kwanza alipolazwa niliikumbuka ripoti yangu neno kwa neno.

Nikaenda kumtafuta Mpima Maji. Anaishi nje kidogo ya mji, kwenye nyumba ya tofali yenye miche ya chai uani. Amezeeka kwa kukauka, kama samaki. Nilimkuta kibarazani anahesabu miche.

"Bibi Maendeleo," alisema bila kuinua macho. "Subiri. Mia moja na kumi na moja. Kumi na mbili. Karibu."

Mkono wa koki ulikuwa mezani, umekalia magazeti yasipeperuke. Mke wake alileta chai. Mzee alifunua birika, akatazama. Sikupoteza muda.

"Mzee, ile ya mara ya tatu. Ya tumboni. Ilisomekaje?"

Hakuuliza ipi. Aliingia ndani akatoka na daftari la jalada gumu, akalifungua mahali pake bila kupekua.

"Niliisoma Ijumaa hiyo hiyo, hapa nyumbani," alisema. "Mirija ya chemchemi, mitatu njano."

Niliweka kikombe mezani.

"Na Hakimu njano."

"Maana yake nini?"

"Unajua maana yake. Nimekueleza."

"Nieleze tena!"

"Pengine maji yalikuwa machafu. Pengine jasho langu lilipenya kwenye vizibo. Hakimu akichafuka, hakuna kesi. Sijui."

"Umekaa miaka yote hii na 'sijui'?"

"Hukuja kuuliza."

"Ungeniletea! Ungeniandikia! Watu wanakunywa, Mzee!"

"Niandike nini? Kwamba sijui? Kufuli lilikuwa mlangoni, mirija mingine sina. Niliwaambia wanakijiji wachemshe. Mama yako aliniambia yeye huchemsha." Akanywa chai. "Huyo namwamini."

Kwa hasira, ili nisimtazame, nikalitazama daftari. Kila chupa ilikuwa na mstari wake: mahali, siku, saa, mchotaji. Nikaupanda ukurasa mpaka kwenye ile ya kwanza, ile ya sahani tupu. Chini ya mchotaji alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kusimama: *Bibi Maendeleo (kwa maneno yake).*

Aliniona nasoma. Aliinuka tena, safari hii akakawia. Nilimsikia akimuuliza mke wake kitu juu ya tanuri la mikate. Aliporudi alikuwa na chupa iliyofungwa karatasi ya kaki na kamba. Bado anazioka ziwe hazina uhai. Kwa nani, sijui.

Akanipa kwa mikono miwili.

"Maabara ya mkoa wanapokea mpaka saa nane mchana. Saa sita tangu uchote, usizidishe. Usisuuze, usiguse mdomo." Akaangalia saa yake. "Na safari hii uchote mwenyewe."

Nilichota Jumatatu, alfajiri, bombani pa shule, kabla watoto hawajafika. Mama alitaka kunifuata na kifuniko cha sufuria, nilimkatalia, akanuna. Nilizungushia chupa majani ya mgomba, nikaifikisha Mbeya saa nne na dakika ishirini baada ya kuchota. Kijana wa dirishani aliniuliza jina la mchotaji. Nikalitaja, nikasubiri mpaka alipomaliza kuliandika.

Leo ni Ijumaa. Majibu hayajatoka, na koki iko wazi.